Walialikwa, Hawakuja: Kisa cha Ukumbi wa Kata Moja ya Pwani

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea katika kata moja ya mji wa pwani, Tanzania Bara. Majina ya kata, ya watumishi na ya wazee wenyewe yameondolewa, na mambo madogo madogo yamebadilishwa ili mtu asitambulike. Kimeandikwa kwa ajili ya maafisa maendeleo ya jamii, watendaji, wenyeviti wa mitaa na kamati za vituo, yaani watu ambao kila ifikapo tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani, huulizwa wamewafanyia nini wazee wao. Mimi niliitwa kama mwezeshaji baada ya mambo kukwama. Sehemu ya mwanzo naieleza kwa nilivyosimuliwa na pande zote, na kwa daftari la mahudhurio, ambalo lilisema ukweli kuliko wasimulizi wote.

Usuli

Ukumbi wenyewe uko pembeni mwa uwanja wa mpira, si mbali na soko. Ulijengwa kwa nguvu za wananchi enzi za chama kimoja, ukawa ofisi ya chama, ukawa ghala, mwisho ukaangukia mikononi mwa halmashauri. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kukodishwa mwisho wa wiki kwa harusi, kicheni pati na sendofu. Siku za kazi ulifungwa, na vijana walikaa kwenye ngazi zake wakichaji simu kwa waya uliopitishwa dirishani. Kisha ukaja mradi ulioezeka paa upya, ukapaka rangi na kununua viti vya plastiki, kwa sharti moja: kituo kitumiwe na makundi yote ya jamii, wazee wakiwamo.

Kwa Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, mzee ni mtu mwenye miaka 60 na kuendelea. Kwenye karatasi hilo ni kundi moja. Mtaani kuna mstaafu anayepokea pensheni yake na kusoma gazeti la mwenzake barazani, na kuna bibi wa umri uleule anayeamka saa kumi alfajiri kukaanga maandazi ili wajukuu wapate madaftari. Zanzibar walianzisha Pensheni Jamii Aprili 2016, kwa kila aliyetimiza miaka 70, ikianzia shilingi 20,000 kwa mwezi. Bara hakuna pensheni ya wazee wote. Hili lina uzito katika kisa chetu kuliko linavyoonekana, kwa sababu mzee wa Bara asiyewahi kuajiriwa bado yuko kazini. Ukimwita mkutanoni saa nne asubuhi umemtoa kwenye riziki yake.

Kata ilikuwa na Baraza la Wazee. Mwenyekiti, katibu na mweka hazina wote walikuwa wanaume waliostaafu serikalini, watu wa kalamu mfukoni na muhtasari ulioandikwa vizuri. Waungwana, na wachapakazi pia. Lakini ukiwauliza wanamwakilisha nani, wangekutajia mitaa yao na kuishia hapo.

Yaliyotokea

Uzinduzi ulifanyika tarehe 1 Oktoba 2023. Ulifana. Mgeni rasmi alihutubia, pilau ililiwa, kila bibi alipewa khanga na kila babu kofia. Viti havikutosha. Ikatangazwa kwamba kuanzia wiki inayofuata, kila Jumanne saa nne asubuhi, kutakuwa na "siku ya wazee kituoni": semina za lishe, haki za wazee, ujasiriamali.

Jumanne ya kwanza daftari lina majina manne, matatu ya viongozi wa Baraza. Wiki chache baadaye kurasa ni tupu. Mwezi Desemba mtendaji wa kata aliandika kwenye taarifa yake kwamba "mwitikio wa wazee ni mdogo kutokana na uelewa hafifu". Ni sentensi ninayoikuta kwenye taarifa nyingi, na kila ninapoikuta huwa naanza kutafuta nani hajaelewa.

Afisa maendeleo ya jamii wa kata, dada mmoja aliyekuwa bado na miaka michache kazini, hakuridhika. Mnamo Januari alianza kuzunguka nyumba kwa nyumba jioni, bila fomu. Nyumba ya kwanza alimkuta bibi mmoja kakaa mkekani, anachana miyaa, majani ya kusukia mikeka, kwa kucha ya kidole gumba, chane zikilala sawasawa pajani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kuniandika tena?"

Alikuwa ameshaandikwa mara nyingi, na orodha zote zilikwenda zisirudi. Kwa hiyo uzinduzi alihudhuria, kwa sababu kulikuwa na khanga. Jumanne hakuhudhuria, kwa sababu aliona daftari mlangoni.

Nyumba nyingine zilitoa sababu nyingine, na afisa aliziandika usiku akirudi kwake. Saa nne asubuhi wanawake wako jikoni au sokoni, na wenye wajukuu wadogo hawana wa kumwachia. Wanaume wangeweza kuja, lakini mlango ulikuwa umefungwa. Ufunguo alikuwa nao mlinzi, na mlinzi, kwa mshahara ule, asubuhi alikuwa akiendesha bodaboda. Wazee walifika, wakakaa chini ya mwarobaini, wakangoja, wakaondoka. Mwalimu mstaafu mmoja alimwambia afisa: "Mimi nimefungua na kufunga shule maisha yangu yote. Leo ningoje kijana ashushe abiria ndipo nipate pa kukaa?"

Choo nacho. Kilikuwa cha kuchuchumaa, safi kabisa, kimewekwa vigae vya kuteleza, na kufika kwake ni kushuka ngazi tatu zisizo na pa kushika. Mwenye magoti mabovu alifanya hesabu zake nyumbani kabla hajatoka: nikinywa chai kule, itakuwaje? Hili hakuna aliyelisema kwenye mkutano wowote. Lilisemwa uani, kwa sauti ya chini, mwanamke kwa mwanamke.

Maamuzi na sababu zake

Nilipofika, mwezi Februari, afisa alikuwa tayari na daftari lake. Kazi yangu ilikuwa kumkalisha yeye, mtendaji, mwenyekiti wa mtaa na wazee meza moja. Tulisisitiza nusu ya wazee wawe wanawake, na mkutano tukaufanyia uani kwa bibi mmoja badala ya ofisini.

Uamuzi wa kwanza ulihusu ufunguo. Wazee waliutaka. Mtendaji alisita, na hoja yake haikuwa ya kudharauliwa: ukumbi ni mali ya halmashauri, kiti kikipotea atakayeulizwa ni yeye. Tulimaliza kwa hati ya makabidhiano. Mali zote ziliorodheshwa, mpaka balbu, wazee watatu wakasaini kuwa washika funguo kwa zamu, mmoja wao mwanamke, na nakala ikabaki ofisi ya kata ikiwa na mhuri. Wakati ule karatasi hiyo ilionekana ya kutuliza wasiwasi wa mtendaji tu.

Uamuzi wa pili ulikuwa mgumu zaidi, nao ni wa posho. Aliyefanya kazi za jamii nchini mwetu anajua: ukiita watu wakae kwenye viti na wamsikilize mtu anayeongea mbele, wanatarajia bahasha. Wajumbe wawili wa Baraza walisema wazi kwamba mzee akitoka nyumbani kwake apewe chochote, hata nauli. Wengine waliona aibu kulisema lakini walikuwa na mawazo hayohayo. Sioni kama ni tamaa. Semina imekuwa kazi, na kazi hulipwa.

Hoja iliyoshinda ilitoka kwa muuza kahawa mmoja, mzee wa miaka sabini na kitu, ambaye alikuwa kimya tangu mwanzo. Alisema kijiweni kwake watu wanakuja kila siku na wanalipa wao. Hawalipwi kuja. Wanakuja kwa sababu wakikosa siku mbili mtu atauliza fulani yuko wapi. Basi ikaamuliwa kwamba semina zifutwe zote na posho ziende nazo. Chai na kahawa zingekuwepo.

Nani atalipia chai? Wazo la kwanza lilikuwa kutenga sehemu ya ada ya harusi. Mtendaji alilikataa papo hapo, na alikuwa sahihi: ada ya ukumbi ni mapato ya halmashauri, inalipwa kwa kontroo namba, haigawanywi mlangoni. Mwishowe kila anayekuja akaweka alichonacho kwenye kopo, na asiyekuwa nacho akanywa vilevile. Muuza kahawa alileta birika lake na kashata, akauza kwa bei ya kijiweni. Kwa maneno mengine kijiwe kilihamia ukumbini, na sijui mradi gani ungeweza kubuni jambo hilo.

Uamuzi wa tatu ulihusu saa. Wanaume walichagua baada ya alasiri, kila siku. Wanawake walichagua Alhamisi asubuhi, saa mbili na nusu, watoto wakishakwenda shule na maandazi yakishauzwa, na wakaweka sharti kwamba mjukuu ambaye hajaanza shule anakuja na bibi yake. Zilitandikwa mikeka miwili pembeni kwa ajili ya watoto hao.

Choo kilishughulikiwa na seremala wa mtaa. Alitengeneza kiti cha mbao chenye tundu katikati, cha kuwekwa juu ya shimo, na fundi wa mageti akachomelea bomba la chuma pembeni mwa ngazi. Gharama yake ilikuwa ndogo kuliko ya kofia za uzinduzi.

Matokeo

Funguo zilikabidhiwa mwishoni mwa Februari 2024. Saa mpya zilianza wiki kadhaa baadaye, kwa sababu mtendaji alitaka kwanza kikao cha kamati ya maendeleo ya kata kiridhie. Pengo hilo la bahati linatusaidia baadaye kwenye uchambuzi.

Wanaume walikuja wiki ileile ya funguo. Bao lilitoka nyumba kwa nyumba. Ukumbini pakawa na mbao tatu, na kelele za mtu aliyeteketeza nyumba ya mwenzake, yaani lile shimo kuu la kete, zikasikika hadi uwanjani. Vijana wa kwenye ngazi waliingia kwanza kutazama, kisha kucheka, kisha kucheza. Mmoja wao alishangaa kwamba wazee hawahesabu kete kwa kidole. Babu anatazama shimo, anachota, na anajua tangu kabla hajapanda kwamba mtaji, yaani mchezo wa kula kete, utaishia kwenye kimbi, mashimo ya pembeni, upande wa pili. Kijana alijaribu kwa kikokotoo cha simu, akashindwa, akarudi kesho yake.

Wanawake hawakuja mpaka saa zilipobadilika. Alhamisi ya kwanza waliingia na ukili wao, ile mikanda ya miyaa inayounganishwa kuwa mkeka. Kila mmoja alikuwa akisuka kwake peke yake na kumuuzia mchuuzi yuleyule kwa bei anayotaja mchuuzi. Walipokaa pamoja waligundua kwamba kila mmoja alipewa bei yake. Mwezi uliofuata walikataa kuuza mpaka bei iwe moja. Baadaye walisajili kikundi na kuulizia mkopo wa halmashauri usio na riba. Mikopo hiyo hutoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayogawanywa nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu; wazee hawatajwi. Waliingia kwa mlango wa wanawake, kitu ambacho wanaume wa Baraza hawakukifikiria, na wasingeweza kukitumia.

Muuguzi wa zahanati alianza kufika Alhamisi moja kila mwezi na kipimo cha presha. Kadhaa waliambiwa wana presha ya juu na hawakuwa wakijua. Orodha ya waliopimwa, iliyoambatana na umri na mtaa, ndiyo afisa aliyoitumia kufuatilia vitambulisho vya matibabu ya wazee. Vilipokuja, bibi wa miyaa alipewa chake mbele ya wenzake. Tangu siku hiyo daftari la mahudhurio lilijazwa bila kusukumana.

Novemba 2024 ukafika uchaguzi wa serikali za mitaa. Wagombea waliujua ukumbi una watu kila siku, na mmoja alituma sukari. Washika funguo walikubaliana kwamba mgombea yeyote akija atapewa kahawa na nafasi kwenye bao, si nafasi ya kuhutubia. Sukari ilirudishwa. Kulikuwa na manung'uniko, hasa kwa walioona sukari ni sukari.

Mwaka 2025 afisa alihamishwa. Aliyepokea nafasi yake, katika wiki zake za mwanzo, aliagiza funguo zirudishwe ofisini "kwa utaratibu". Mwalimu mstaafu alikwenda na ile hati yenye mhuri, akaisoma kwa sauti, akaomba aonyeshwe kifungu kilichovunjwa. Funguo zilibaki.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Kwenye vikao vya tathmini nimesikia mafanikio haya yakielezwa kama matunda ya "uhamasishaji". Mlolongo wa matukio unakataa. Uhamasishaji mkubwa ulikuwa Oktoba, na Desemba ukumbi ulikuwa mtupu.

Tukitazama pengo kati ya funguo na saa mpya, tunapata jibu lenye sehemu mbili. Wanaume waliitikia ufunguo peke yake. Saa zilikuwa bado zilezile za zamani kwenye tangazo, wao walijifungulia alasiri bila kungoja ruhusa. Kwao kizuizi kilikuwa heshima. Mtu aliyewahi kuongoza watu hakutaka kuwa mgeni katika ukumbi ambao alibeba mawe yake akiwa kijana. Kwa wanawake ufunguo haukubadili kitu. Kizuizi chao kilikuwa muda, mjukuu na choo, vitu vitatu ambavyo hakuna fomu ya mradi iliyoviuliza. Anayesema "wazee wanataka kadha" kabla hajatenganisha makundi haya mawili anabahatisha.

Jambo la pili ni kwamba hakuna shughuli iliyofanikiwa iliyoanzia kituoni. Bao, kahawa na ukili vilikuwepo vyote mtaani kabla. Kituo kilichangia paa, meza, na nafasi ya watu kulinganisha bei na presha zao. Maafisa wengi huona haya kuandika "wazee walicheza bao" kwenye taarifa ya robo mwaka, wakaandika semina isiyohudhuriwa. Ningependa wakaguzi waulize kuhusu hili.

Hati ya makabidhiano nayo ilibeba mzigo mkubwa kuliko tulivyokusudia. Nia njema ya afisa ilihama pamoja na afisa. Karatasi ilibaki.

Uchambuzi: kilichoshindwa

Jaribio la mwalimu mstaafu kufundisha watoto hesabu jioni lilidumu muda mfupi. Walimu wa shule jirani walilalamika, na sababu haikuwa ya siri: wao wanatoza twisheni, yeye alifundisha bure. Kamati haikutaka ugomvi na shule. Ikaishia kwamba awasomeshe wa madarasa ya chini kusoma tu, siku moja kwa wiki. Alikubali kwa shingo upande, na ujuzi wake mwingi umebaki haujatumika. Hapa kamati ilipaswa kwenda kuzungumza na mwalimu mkuu kabla ya kuanza, si baada ya malalamiko.

Ufunguo ulizaa matatizo yake. Alhamisi moja ya mashindano ya bao, mshika zamu wa kiume hakufungua asubuhi, akisema ukumbi unaandaliwa. Wanawake walikaa na ukili wao kwenye ngazi, na wajukuu juani. Wanawake waliombwa radhi, lakini zamu ilibaki wawili kwa mmoja. Mpaka leo wanawake wana ufunguo mmoja kati ya tatu, wakati daftari linaonyesha Alhamisi ndiyo siku iliyojaa kuliko zote. Ukiniuliza, hilo lingerekebishwa kwenye hati yenyewe, na kila anayenakili mfano huu aanze na zamu sawa.

Wazee waliohamia kutoka mikoa isiyo ya pwani hawakuonekana. Wako wengi kiasi, wanaishi na watoto wao walioajiriwa mjini. Bao hawalijui, ukili hawasuki, na barazani maongezi ni ya koo zinazojuana tangu zamani. Hakuna aliyewafukuza. Hakuna aliyewaita pia, na mlango wazi haumtoshi mtu asiye na wa kuketi naye.

Kubwa kuliko yote ni wasioweza kutoka nyumbani. Afisa wa kwanza alikuwa na majina yao kwenye daftari lake la jioni, lakini kituo, kwa namna tulivyokipanga, kilimsaidia anayeweza kutembea hadi kwenye bomba la chuma. Wanawake wa Alhamisi ndio walioanza kuwatembelea wawili waliokuwa wakisuka nao zamani, wakiwapelekea miyaa na kurudi na ukili uliokamilika ukaunganishwe kwenye mikeka ya kikundi. Mauzo ya wawili hao yanaandikwa na kulipwa sawa na ya wengine.

Kamati sasa inajadili bajaji ya kuwaleta watu hao angalau mara moja kwa mwezi, ile Alhamisi ya presha. Halmashauri imejibu kwamba haina fungu. Kikundi cha ukili kimesema kinaweza kuchangia mafuta, lakini kinataka kwanza zamu ya ufunguo iangaliwe upya, na agenda hiyo imeahirishwa kwenye vikao viwili mfululizo.